Siku Fundi Siyo Alipokubali

Siku ya ndoa yake, alipoulizwa mbele ya watu kama amekubali kumwoa yule binti, kijana alijibu kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma: "Siyo kukubali tu. Mimi ndiye niliyeomba." Watu wakaangua kicheko, bibi harusi akainamisha kichwa, na mama yake bibi harusi akamnong'oneza dada yake, "Hivi hapa tumepata mkwe au tumepata kesi?"

Walipata vyote viwili. Kijana yule alikuwa fundi bomba, na kazi aliijua kwelikweli, lakini neno "siyo" lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wake kama mlinzi wa geti: hakuna kilichotoka kabla halijatoka lenyewe. Ukimsalimia habari za asubuhi, atakwambia siyo asubuhi tena, jua limeshapanda. Ukimsifu kwamba bomba alilolifunga halivuji, atakwambia siyo kwamba halivuji, ni kwamba haliwezi kuvuja. Ukisema umekubaliana naye, atakuuliza umekubali nini, maana yeye hajamaliza. Mtaani jina lake la kuzaliwa likasahaulika, akabaki kuitwa Fundi Siyo. Naye alilipinga jina hilo kwa namna iliyozidi kuligongelea misumari. "Siyo Fundi Siyo," alikuwa akisema. "Fundi."

Mkewe alikuwa mshona mapazia. Alipojifungua mabinti wawili kwa mpigo watu wakamwita Mama Pacha, na miaka ilivyokwenda alijifunza kuishi na mumewe kama mtu anavyojifunza kuishi kando ya reli: mwanzoni hulali kwa kelele, baadaye ni treni isipopita ndipo unaposhtuka. Akitaka mumewe avae koti la kahawia, alimwambia lile la kahawia halikukai vizuri. Akitaka watembelee ndugu, alisema ni afadhali wabaki nyumbani. Nyumba ikaenda, watoto wakakua, wakaenda masomoni mbali.

Mtu mmoja tu alikataa kabisa kutumia ujanja huo, naye ni mama yake Mama Pacha. Bibi huyu alikuwa mtu wa kusema jambo lilivyo na kusimama juu yake. Zamani, Fundi alipomfungia tangi la maji, yeye alitaka likae upande wa jikoni. Fundi akaliweka upande wa chumbani, akisema huko ndiko maji yatakakoshuka kwa nguvu. Tangu hapo hawakuwahi kuonana bila kuligusa lile tangi. Walilijadili misibani. Walilijadili siku mapacha walipozaliwa, mmoja amembeba pacha wa kwanza, mwingine amembeba wa pili.

Basi, maradhi yalianza kwa kichwa. Kila asubuhi Fundi aliamka ameshika paji la uso, na akiinama kufungua koki chini ya sinki alirudi juu macho yamemtoka. Mama Pacha akamwambia, "Baba Pacha, kichwa kinakusumbua."

"Siyo kichwa. Ni shingo."

Baadaye akaanza kutapika alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni. Siyo kutapika, ni mate. Halafu siku moja akamfungia mteja bomba la bafuni likapinda kama njia ya ng'ombe, yeye akasimama kando akilitazama na kusema limenyooka. Hapo Mama Pacha akajua si mzaha tena. Mume wake aliweza kukosea kila kitu duniani, lakini si mnyooko wa bomba. Akamwambia kwa utulivu, huku anakunja pazia, "Vizuri hutaki kwenda hospitali. Hata ungeenda, madaktari wa siku hizi hawajui kitu."

"Nani kakwambia hawajui?" Fundi akafoka, akachukua koti lake la kahawia.

Hospitali wakampiga picha ya kichwa. Daktari wa upasuaji akaibandika kwenye kioo chenye taa na kuwaonyesha kitu cheupe cha duara, kama limau, kimekaa upande wa mbele kati ya fuvu na ubongo. Akasema ni uvimbe, si saratani, lakini unausukuma ubongo na hauna budi kutolewa.

"Siyo uvimbe," Fundi akasema. "Hiyo picha yenu ina doa."

Daktari alikuwa mstaarabu. Akafuta picha kwa mkono wa koti lake. Limau likabaki palepale. Na kwa jinsi Fundi alivyoushika mkono wa mkewe chini ya meza, Mama Pacha akajua kwamba ameelewa.

Siku moja kabla ya upasuaji alikuja daktari wa usingizi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mimi ndiye nitakayekulaza, na mimi ndiye nitakayekuamsha," akasema. "Kulala ni rahisi. Leo nataka tuongee habari ya kuamka."

"Siyo rahisi kulala. Mimi usingizi wangu mwepesi."

"Wa kwangu si mwepesi. Sasa nisikilize, Fundi. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Ndani mna ubongo, damu na maji, basi. Tukishautoa huo uvimbe, ubongo unaweza kufura, kama kidole kilichobanwa na mlango. Kidole kina nafasi ya kufura. Ubongo hauna pa kwenda, kwa hiyo presha ya mle ndani inapanda."

"Presha ikizidi mnafunga valvu ya kuipunguza," Fundi akasema. "Mimi nazifunga kila siku."

"Wapo wagonjwa wanaowekewa kitu cha namna hiyo. Wewe hujafika huko, na mimi nataka usifike. Mtu akizinduka vibaya kwenye nusu kaputi, akakohoa mfululizo, akatapika, akajikamua, akapigana na wauguzi, damu inakimbilia kichwani. Hata kimshipa tulichokiziba kinaweza kufunguka. Kwa hiyo nitakuamsha polepole, na wewe utanisaidia kwa kutobishana."

"Kubishana hakupandishi presha."

"Mshipa wa shingo yako umeshasimama, na hatujaanza."

Fundi akajigusa shingo. Mama Pacha akageuka dirishani ili mumewe asimwone anavyojizuia kucheka.

"Sasa mbona msiniache nilale mpaka huo ubongo utulie?" Fundi akauliza, na safari hii lilikuwa swali kweli.

"Kwa sababu aliyelala hanijibu. Nikikuuliza ukanijibu sawasawa, najua ndani kuko salama. Ukianza kusinzia, au kuchanganya mambo, au kuwa mtu mwingine, najua kuna kitu kinaubana ubongo, na napaswa kukimbia." Daktari akamgeukia Mama Pacha. "Mama, wewe ndiye unayemjua. Kwa kawaida huyu yukoje?"

Mama Pacha akashusha pumzi. "Daktari, huyu atakukatalia. Ukimwambia maji yanashuka, atakuuliza kama umepima."

"Siyo lazima yashuke," Fundi akasema. "Inategemea pampu."

"Umemsikia?"

"Nimemsikia," daktari akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mlangoni alikuwa amesimama muuguzi wa chumba cha kuzindukia, kijana mrefu mwenye mabega ya mbeba mizigo na viatu vya mpira visivyotoa sauti. Daktari akamwambia, "Kaka, mgonjwa wetu wa kesho ni mbishi wa kuzaliwa. Akiamka akatubishia, tushukuru Mungu. Ila abishe kwa sauti ya chini."

Kesho yake Mama Pacha alikaa kwenye benchi la korido na pindo la pazia mapajani, akishona kwa mkono, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Mama yake alikaa pembeni na mkoba mkubwa uliojaa vitu vya kuwafaa watu wa safari ndefu. Bibi hakuwa na maneno mengi siku hiyo. Alisema tu, "Atarudi. Watu wenye vichwa vigumu hawapasuki ovyo." Kisha akatoa leso na kujifuta uso, akadai ni joto, ingawa korido ilikuwa na baridi.

Mchana uliposogea mlango wa chumba cha kuzindukia ukafunguka, muuguzi mrefu akatoka kwa vile viatu vyake visivyosikika, uso umechanua.

"Mama, mambo mazuri. Tumemtoa mrija wa kupumulia akakohoa mara moja tu. Na ameshanikatalia mara nne."

"Amekataa nini?" Mama Pacha akasimama, pazia likaanguka.

"Nimemuuliza anajua alipo, akasema siyo nyumbani. Nikamuuliza huu mwaka gani, akaniuliza kwani hospitali haina kalenda. Nikamwambia anionyeshe vidole viwili, akauliza vya mkono upi. Nikamwambia afinye mkono wangu, akaufinya, halafu akaniambia kucha zangu ndefu."

"Alhamdulillahi, Mungu mkubwa," bibi akasema, akaketi upya kwa kishindo. "Ni yeye."

Wakamvalisha Mama Pacha joho la kijani na mifuko ya kuvika viatu, akaingia. Fundi alikuwa amelazwa kichwa kimeinuliwa juu, shingo imenyooshwa kwa mito miwili, bandeji imemzunguka kichwa kama kilemba cha mtu aliyekifunga gizani. Mashine ilikuwa ikipiga mlio wa taratibu. Macho yake yalikuwa mazito lakini ni yake.

"Umekuja," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Nimekuja. Pole, Baba Pacha."

"Mwambie huyu kijana kitanda hakijakaa sawa. Anasema amekiinua nyuzi thelathini. Siyo thelathini hizi. Ni ishirini na tano."

Muuguzi akainama, akasoma kipimo kilichobandikwa ubavuni mwa kitanda. "Thelathini kamili, Fundi."

"Kipimo kibovu," Fundi akasema, akafumba macho kwa kuridhika.

Mama Pacha alitoka akiwa mwepesi kama aliyetuliwa gunia. Akamsimulia mama yake, wakacheka kwa kuzibana midomo kwa sababu ya bango la ukutani lililosema kimya. Bibi akafungua mkoba akatoa mkate na chupa ya chai, wakala kwa hamu ya watu ambao tangu asubuhi hawakukumbuka kama wana matumbo. Mapacha wakapiga simu kwa zamu, kila mmoja akauliza swali lilelile, kila mmoja akajibiwa: baba yenu anagombana na kitanda.

Chai ilikuwa haijaisha muuguzi aliporudi. Safari hii uso wake haukuwa umechanua.

"Mama, hebu njoo kidogo. Nataka umwone wewe."

"Kuna nini?"

"Huenda ni usingizi wa dawa tu. Lakini nimemwambia nataka kumgeuza, akasema sawa. Nikamwambia nampima tena presha, akasema asante."

Mama Pacha alisimama palepale. "Amesema asante?"

"Mara mbili."

Hakungoja joho. Aliliburuza begani huku anatembea. Kitandani Fundi alikuwa ametulia kama mtoto mchanga aliyeshiba. Akamwita. Mume akafungua macho kidogo, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la upole, lisilo na neno lolote nyuma yake, na Mama Pacha hakulijua.

"Baba Pacha, unanisikia?"

"Ndiyo, mke wangu."

"Kichwa kinauma?"

"Ndiyo. Kidogo."

"Hiki kitanda... kimeinuliwa nyuzi ngapi?"

"Alizosema kijana," Fundi akajibu. "Yeye ndiye anayejua."

Muuguzi alikuwa ameshatoa tochi yake ndogo mfukoni. Mama Pacha akaendelea, akalitaja jambo la mwisho alilokuwa nalo. "Mama yangu yuko nje. Anakusalimia."

"Mama mkwe," Fundi akasema polepole, kama mtu anayesema usingizini. "Mwambie alikuwa sahihi. Tangi... lihamie jikoni."

Akapiga mwayo, akafumba macho.

"Muuguzi!" Mama Pacha akapiga kelele, bango la kimya akalisahau. "Huyu siyo mume wangu! Mume wangu anakufa!"

Muuguzi hakumwambia atulie. Alikuwa ameinua kope za mgonjwa, akammulika jicho la kulia, akammulika la kushoto, akarudia la kulia. "Mboni moja inachelewa," akasema kwa wenzake, na mkono wake ukiwa tayari kwenye kengele ya ukutani. "Presha ya damu inapanda, mapigo ya moyo yanashuka. Mwiteni daktari wa usingizi, upesi."

Daktari mfupi aliingia mbio, na sauti yake ile ya kubembeleza ikawa ya kamanda. Akaamuru dripu ya dawa ya kuvuta maji yaliyofura kwenye ubongo. Akanyoosha shingo ya mgonjwa iliyokuwa imelala upande, akalegeza utepe wa gauni uliokuwa ukimbana kooni, akampa hewa. Akamwambia Mama Pacha neno moja tu, "Umefanya vizuri kuniambia jana," kisha kitanda kizima kikaondoka kwa kasi kuelekea kwenye mashine ya picha, muuguzi akisukuma kwa mabega yake mapana. Picha ikaonyesha donge dogo la damu limejikusanya pale ulipokuwa uvimbe, linausukuma ubongo. Fundi akarudishwa chumba cha upasuaji kabla watu wa korido hawajajua kinachoendelea.

Mama Pacha alirudi kwenye benchi na joho likiwa bado limening'inia begani. Mama yake akamshika mikono.

"Amesema nini? Mbona umelia hivyo?"

"Amesema ulikuwa sahihi, mama. Amesema tangi lihamie jikoni."

Bibi alinyanyuka nusu. "Amesema hivyo? Kwa kinywa chake? Shahidi nani?" Kisha akamtazama binti yake usoni, na kile alichokisubiri miaka yote kikamfia mkononi. Akaketi. Akamvuta Mama Pacha kifuani kama alipokuwa msichana mdogo, akamwambia huku anampapasa mgongo, "Libaki. Mwanangu, tangi libaki hukohuko chumbani mpaka mwisho wa dunia. Arudi tu. Arudi anibishie mpaka nizeeke."

"Umeshazeeka, mama," Mama Pacha akasema katikati ya kwikwi, na wote wawili wakashangaa kwamba wanacheka.

Ilikuwa jioni walipoambiwa donge limetoka na mshipa umezibwa. Daktari wa usingizi hakutaka haraka. Alimwamsha taratibu kuliko mara ya kwanza, kwanza kupumua, kisha kumeza mate, kisha macho. Akamruhusu Mama Pacha asimame miguuni pa kitanda. Bibi, ambaye hakuruhusiwa, alisimama nje ya mlango na kubandika uso wake kwenye kioo cha duara, pua imebonyea.

Macho yakafunguka. Yakazunguka dari, yakaja kwa daktari, yakatulia.

"Pole, Fundi," daktari akasema. "Imetubidi tukufungue mara ya pili."

Fundi akafikiri. Midomo mikavu ikasogea bila sauti, na daktari na muuguzi wakainama kumsikia. Halafu akasema, "Siyo kweli."

Muuguzi mrefu akapiga makofi kama mpira umeingia golini. Mama Pacha akakumbatia chuma cha kitanda. Nje ya kioo bibi, ambaye hakusikia lolote lakini aliona makofi, akaanza kuruka. Daktari akainua mikono yote miwili. "Jamani! Jamani, presha ya mgonjwa!" akanong'ona kwa ukali, huku yeye mwenyewe akijifuta machozi kwa mgongo wa glavu.

Mtu angedhani hapo shida ziliisha. Wodini ndiko kulikuwa na kazi. Mama Pacha alikuwa ameshika neno la daktari kwamba mgonjwa asipandishe sauti wala asijikamue, akawapanga watu wote wanaokuja kumwona: chochote atakachosema, mkubalini. Akisema chai ina moshi, ina moshi. Akisema leo Jumapili na ni Jumatano, mwambieni ndiyo, tena Jumapili nzuri.

Siku ya kwanza ilikwenda. Siku ya pili Fundi akaanza kuwatazama watu kwa jicho la pembeni. Alimwambia jirani yake, seremala, kwamba mbao nyingi siku hizi ni mbovu kwa sababu ya maseremala. Seremala akameza mate akasema ni kweli kabisa. Alimwambia mteja wake mmoja kwamba bomba lililopinda bafuni kwake lilikuwa limenyooka. Mteja akasema limenyooka kama rula. Walipoondoka, Fundi akamvuta mkewe kwa ukingo wa kanga.

"Niambie ukweli," akasema kwa sauti ndogo. "Nimebakiza siku ngapi?"

"Siku za nini?"

"Usinifiche. Seremala amenikubalia. Yule seremala! Mtu hakubaliwi hivyo isipokuwa anakaribia kuingizwa kaburini." Na machozi yakamlengalenga, mtu mzima na ndevu zake.

Alikataa chakula cha mchana. Kichwa kikaanza kumwuma kwa wasiwasi. Daktari wa usingizi alipopita kumwona, Mama Pacha akamweleza yote nje ya pazia la kitanda. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, akaficha kicheko kwa mkono.

"Picha ya leo ni safi," akasema. "Mgonjwa anazidiwa na makubaliano. Mbishieni kidogo. Sauti ya chini, akiwa ameinuka kwenye mto, baada ya kula. Akianza kusimamisha mshipa, acheni."

"Hiyo dozi nitampa mimi," bibi akasema kutoka nyuma yao, akaweka mkoba wake chini na kukunja mikono ya gauni.

Alivuta kiti, akasubiri mkwe wake amalize uji wote, akamwinamia sikioni. "Mkwe wangu, umekubali mbele ya muuguzi kwamba tangi lihamie jikoni."

Fundi akafungua macho wazi. Rangi ikamrudi usoni. "Mimi?" akanong'ona. "Siyo mimi."

"Ni wewe. Muulize."

Muuguzi mrefu, aliyekuwa amepanda wodini kumsalimia mgonjwa wake, akathibitisha kwa masikitiko kwamba alisikia kwa masikio yake.

"Maneno ya mtu aliyebanwa ubongo hayahesabiki," Fundi akanong'ona.

"Ndiyo siku pekee ubongo wako ulifanya kazi," bibi akanong'ona naye.

"Mwanao amesema wewe umesema libaki chumbani."

"Sijasema."

"Umesema. Mpaka mwisho wa dunia."

"Nilikuwa nalia. Maneno ya mtu anayelia hayahesabiki."

Wakaendelea hivyo robo saa, vichwa vimekaribiana kama wapenzi wanaopeana siri, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakatega masikio kwa kujinyoosha. Mama Pacha, aliyekuwa shahidi wa pande zote mbili, aliendelea kushona pindo lake. Fundi alilala usingizi mzito mchana ule, na jioni akaomba chakula.

Aliporudi nyumbani alipewa sharti moja gumu: kwa muda mrefu asiiname wala asibebe kitu kizito. Sasa fundi bomba asiyeinama ni sawa na mvuvi asiyelowa. Wateja walikuwa wakipiga simu, na Fundi alikaa sebuleni akitoa maelekezo kwa simu mpaka watu wakafungua koki zisizofaa na kujaza maji majikoni mwao. Siku moja mwalimu wa mtaa wa pili akaja mwenyewe, suruali imelowa mpaka magotini.

Mama Pacha akamtazama mumewe. Akaweka mkasi chini. "Twende wote," akasema. "Wewe utakaa kwenye kiti."

Ndivyo Mama Pacha alivyojikuta amelala chali chini ya sinki la mwalimu, spana mkononi, maji yakimdondokea sikioni. Fundi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mgongo umenyooka, kofia ya sufu imefunika kovu. Alimwambia afungue nati ya juu. Mama Pacha alikuwa ameshaiona ya chini inavuja.

"Ya chini," akasema.

"Siyo ya chini, ni ya..." Fundi akasita. Kutoka kwenye kigoda hakuwa akiona chochote zaidi ya miguu ya mkewe. "Inavuja upande gani?"

"Upande wa ukutani. Nimepitisha kidole."

"Basi ifungue, tia utepe wa kuzuia maji kwenye meno yake, zungusha kama uzi kwenye kibobini cha cherehani, kwa upande wa kukaza."

Mwalimu alikuwa ameshika ndoo, akiwatazama kwa zamu. Mama Pacha akazungusha utepe, na mikono yake iliyozoea uzi ikafanya kazi ile haraka kuliko alivyotarajia. Akakaza. Mwalimu akafungua maji. Chini ya sinki kukabaki kukavu. Alilala pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akilitazama bomba lililonyooka.

Wiki iliyofuata mwalimu alimtuma dada yake, na dada yake akamtuma jirani, na wote walimtaka yule mama. Jumamosi Mama Pacha akakata vipande viwili vya kitambaa kizito cha pazia kilichobaki, akavijaza sponji, akavishonea kamba za kufunga nyuma ya magoti, kwa sababu sakafu za jikoni kwa watu ni ngumu. Fundi alishika kimoja, akakiminya kwa kidole gumba, akasema sponji haitoshi. Akampa mkewe nyingine aongezee.